Jua, volkano au binadamu: tupime kila chanzo cha kupanda kwa joto la dunia kwa alama zake

#1 – Mleta uzi

Wanajamvi, salaam.

Mjadala wa tabianchi ukianza, haupiti muda kabla ya mtu kusema kwamba hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu enzi na enzi, hata kabla binadamu hajajua kuwasha moto. Kauli hiyo ni ya kweli, na wanaoitoa hawastahili kubezwa. Kasoro huja pale inapogeuzwa kuwa hitimisho, ilhali ni mwanzo wa swali. Ikiwa joto la dunia limewahi kupanda na kushuka kwa sababu za asili, basi sababu hizo zinajulikana na zinapimika, na kila moja ina namna yake ya kuipasha au kuipoza dunia. Nia yangu ni kuzichukua sababu hizo moja baada ya nyingine na kuuliza kama alama zake zinaonekana katika joto tunaloliona sasa.

Kwanza tukubaliane juu ya jambo lenyewe linalotafutiwa chanzo. Katika muongo wa 2011 hadi 2020, wastani wa joto la uso wa dunia ulikuwa juu kwa takriban nyuzijoto 1.1 kuliko ulivyokuwa kati ya 1850 na 1900, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokea tangu miaka ya 1970. Naomba msomaji aishike kasi hiyo akilini, kwa sababu ndiyo inayotenganisha vyanzo vingi.

Nianze na chanzo cha asili chenye nguvu kuliko vyote kwa kipimo cha maelfu ya miaka, yaani mwendo wa dunia kulizunguka jua. Njia ya dunia hubadilika umbo, ikawa karibu na duara kisha ikarefuka kidogo, kwa mzunguko wa takriban miaka 100,000. Mhimili wake huinama kati ya nyuzi 22.1 na 24.5 kwa mzunguko wa takriban miaka 41,000, na tena mhimili huohuo huyumba polepole, kiasi kwamba majira ambayo dunia huwa karibu zaidi na jua huhama katika kipindi cha zaidi ya miaka 20,000. Milutin Milanković, mwanasayansi wa Serbia, alizifanya hesabu hizi kwa mkono katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na mwaka 1976 uchunguzi wa matope yaliyochimbwa chini ya bahari ulionyesha kwamba enzi za barafu zilifuata mizunguko hiyohiyo. Hapa asili inastahili sifa yake yote: ndiyo iliyofungua na kufunga enzi za barafu.

Lakini itazame kasi yake. Dunia ilipotoka katika enzi ya mwisho ya barafu, joto lilipanda kwa nyuzijoto 5 hivi au zaidi kidogo katika muda wa takriban miaka 10,000. Kwa wastani, nyuzijoto moja ilihitaji karne nyingi, na sisi tumeipata ndani ya karne moja na nusu. Isitoshe, mwelekeo wa mizunguko hiyo kwa sasa ni wa kupoza. Kwa maelfu ya miaka yaliyopita, mwanga wa jua unaofika kaskazini ya mbali wakati wa kiangazi umekuwa ukipungua, na laiti mizunguko hiyo ingeachwa ifanye kazi peke yake, dunia ingekuwa inapoa taratibu sana.

Sasa tuliangalie jua lenyewe. Tangu mwaka 1978 setilaiti zimekuwa zikipima nguvu ya mwanga wake nje ya anga, mahali ambapo mawingu na vumbi haviwezi kupotosha kipimo. Nguvu hiyo ni takriban wati 1,361 kwa kila mita ya mraba, na hupanda na kushuka kwa kama asilimia 0.1 katika mzunguko wa miaka 11 unaoendana na wingi wa madoa ya jua. Badiliko hilo huweza kusogeza wastani wa joto la dunia kwa takriban nyuzijoto 0.1, kisha likarudi lilikotoka. Kwa zaidi ya miaka 40 ya vipimo hivyo, nguvu ya jua haijaonyesha mwelekeo wa kupanda. Mzunguko ulioanza mwishoni mwa 2008 na kumalizika 2019 ulikuwa hata dhaifu kuliko mizunguko mingine ya karibu karne nzima. Katika miaka hiyohiyo ambayo jua lilikuwa limetulia, rekodi za joto ziliendelea kuvunjwa.

Hata hivyo, ushahidi ninaouona kuwa na uzito kuliko huo wote hautoki kwenye jua wala ardhini. Uko juu ya vichwa vyetu, kilomita 20 hadi 50 hivi kutoka usawa wa ardhi, katika tabaka la hewa liitwalo stratosfia. Kama jua ndilo lingekuwa limeongeza moto, anga ingepata joto kutoka juu hadi chini, na stratosfia, ambako ozoni hunyonya mionzi ya jua, ingekuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuonyesha ongezeko hilo. Vipimo vya maputo na setilaiti vinasema kinyume: tabaka la chini, tunamoishi, limepata joto, na stratosfia imepoa.

Sababu yake inaeleweka. Hewa ya ukaa, yaani gesi ya kaboni dioksaidi, hunyonya mionzi ya joto na kuitoa tena kila upande. Huku chini, ambako hewa ni nzito, sehemu ya mionzi hiyo hurudishwa ardhini badala ya kutoka. Kule juu hewa ni nyepesi mno, na molekuli za gesi hiyo zinapotoa joto, sehemu kubwa hutokomea angani moja kwa moja. Ukiziongeza, unaongeza vitoa joto katika tabaka hilo, nalo linapoa. Upungufu wa ozoni nao ulichangia ubaridi huo, hasa katika stratosfia ya chini, lakini tabaka za juu zimeendelea kupoa hata baada ya ozoni kuacha kupungua.

Na jambo hili halikubuniwa baada ya vipimo kupatikana. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walikokotoa hali ya anga endapo hewa ya ukaa ingeongezwa maradufu, na hesabu yao ikatoa picha hiyo: joto chini, ubaridi juu. Wakati huo hakukuwa na setilaiti yenye rekodi ndefu ya kuwasahihisha. Manabe alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021, pamoja na Klaus Hasselmann, aliyebuni njia ya kitakwimu ya kutenganisha alama ya binadamu na mabadiliko ya kawaida ya asili, na Giorgio Parisi.

Karibuni kwa hoja, na hasa kwa pingamizi.

#2 – Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo yaliyopangika. Nina pingamizi mbili ambazo nimezisikia mara nyingi na sijawahi kuona zikijibiwa kwa utulivu. Ya kwanza ni volkano: inadaiwa kwamba mlipuko mmoja mkubwa hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko viwanda vyote. Ya pili inahusu barafu ya Antaktika, ambayo rekodi zake zinaonyesha kwamba hapo kale joto lilianza kupanda kwanza, ndipo hewa ya ukaa ikafuata. Kama ndivyo, si joto ndilo linaloleta gesi, badala ya gesi kuleta joto?

#3 – Mleta uzi

Mkuu, maswali yako yote mawili ni ya msingi, nami nitaanza na volkano kwa sababu mlipuko wa Pinatubo ulituachia kitu kinachokaribia jaribio la maabara.

Mlima huo, ulioko katika kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, ulilipuka tarehe 15 Juni 1991 na kurusha takriban tani milioni 15 hadi 20 za gesi ya salfa hadi ndani ya stratosfia. Kule juu gesi hiyo iligeuka kuwa matone madogo mno ya asidi, yakasambaa na kuizunguka dunia, yakawa yanarudisha sehemu ya mwanga wa jua angani kabla haujafika ardhini. Mwanzoni mwa 1992 kundi la James Hansen wa NASA lilichapisha utabiri kwamba dunia ingepoa kwa takriban nusu nyuzijoto kufikia mwishoni mwa mwaka huo, kisha joto lirudi kadiri matone yatakavyokuwa yakianguka. Ikawa hivyo. Kwa hiyo athari kuu ya mlipuko mkubwa katika joto la dunia ni kupoza, tena kwa mwaka mmoja au michache. Ndivyo ilivyokuwa pia baada ya Tambora kulipuka mwaka 1815, ambapo mwaka uliofuata watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini walikosa kiangazi na mazao yao yakaharibika.

Kuhusu hewa ya ukaa, volkano zote za dunia, za nchi kavu na za chini ya bahari, hutoa kwa mwaka chini ya asilimia 1 ya ile tunayotoa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, ambayo sasa ni takriban tani bilioni 37. Mtu asiyeridhika na makadirio hayo anaweza kuutazama mchoro wa vipimo vya hewa ya ukaa vya Mauna Loa huko Hawaii, vilivyoanzishwa na Charles David Keeling mwaka 1958. Mstari wake hupanda na kushuka kila mwaka: kilele huwa mwezi Mei, kisha mimea ya kaskazini inapochipua na kukua huivuta gesi hewani na mstari hushuka hadi Septemba au Oktoba, halafu hupanda tena kupita kilele cha mwaka uliotangulia. Mchoro huo una usahihi wa kutosha kuonyesha pumzi ya misitu. Kama volkano zingekuwa chanzo kikuu, mwaka 1991 tungeona mstari ukiruka. Kilichoonekana katika miaka miwili iliyofuata ni kwamba kasi ya kupanda ilipungua.

Juu ya hayo, kaboni ina namna ya kueleza ilikotoka. Atomi zake ziko za aina tatu zinazotofautiana uzito, ziitwazo kaboni ya 12, ya 13 na ya 14. Mimea hupendelea kaboni nyepesi ya 12 kuliko kaboni ya 13, na makaa ya mawe na mafuta yametokana na viumbe wa kale waliobeba upendeleo huohuo. Tena, kwa kuwa vimekaa ardhini mamilioni ya miaka, havina kabisa kaboni ya 14, ambayo nusu yake huoza katika kila miaka 5,730 hivi. Hewa ya leo inaonyesha uwiano wa kaboni ya 13 ukishuka mfululizo, na Hans Suess aligundua tangu miaka ya 1950 kwamba kaboni ya 14 hewani ilikuwa inazimuliwa na kaboni iliyokufa, yaani ile ya kale isiyo na kaboni ya 14. Gesi ya volkano haiwezi kuushusha uwiano wa kaboni ya 13, kwa sababu yenyewe ina kaboni hiyo kwa kiwango kikubwa kuliko kilichomo hewani. Hali kadhalika oksijeni ya anga inapungua kidogo kila mwaka, kama inavyotarajiwa pale kitu kinapochomwa.

Kuna pia hesabu rahisi ambayo nadhani haitajwi vya kutosha. Katika kila kiasi cha hewa ya ukaa tunachotoa, chini kidogo ya nusu ndiyo inayobaki hewani. Iliyobaki humezwa na bahari na mimea. Maana yake ni kwamba asili, ukijumlisha yote inayotoa na yote inayopokea, kwa sasa ni mpokeaji. Haiwezekani mpokeaji akawa ndiye chanzo cha ongezeko. Bahari yenyewe inashuhudia, kwa kuwa maji yake ya juu yameongezeka asidi tangu kuanza kwa mapinduzi ya viwanda, na yasingekuwa hivyo kama bahari ndiyo ingekuwa inaipa anga kaboni yake.

Sasa nije kwenye barafu. Ni kweli kwamba mwishoni mwa enzi za barafu mabadiliko ya njia ya dunia ndiyo yaliyowasha safari. Maji ya bahari yalipopata joto, yalishindwa kushika gesi yote iliyokuwa imeyeyuka ndani yake, gesi ikatoka, na ilipotoka iliongeza joto zaidi, likaenea hadi mahali ambapo mabadiliko ya mwanga wa jua peke yake yasingeweza kulifikisha. Gesi ilikuwa mkuzaji, na bila ukuzaji huo, ukubwa wa mabadiliko ya enzi za barafu haufafanuliki. Joto linaweza kuitoa gesi, na gesi inaweza kuleta joto. Moja halifuti jingine. Kilicho tofauti sasa ni kwamba gesi ndiyo imetangulia. Mapovu ya hewa yaliyonaswa katika barafu ya Antaktika yanaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 hewa ya ukaa ilikuwa kati ya sehemu 180 na 300 hivi kwa kila sehemu milioni za hewa. Kabla ya viwanda ilikuwa takriban 280. Leo imepita 420.

#4 – Mchangiaji wa pili

Naomba kuongeza jambo moja, kwa sababu mleta uzi ameizungumzia gesi na kuacha upande wa pili wa kazi ya binadamu. Viwanda vyetu havipashi tu, vinapoza pia. Makaa ya mawe na mafuta mazito vinapochomwa hutoa salfa, nayo hutengeneza chembe ndogo zinazorudisha mwanga wa jua na kuyafanya mawingu yang'ae zaidi. Ndiyo sehemu kubwa ya maelezo ya kwa nini joto la dunia halikupanda sana kati ya miaka ya 1940 na 1970, wakati viwanda vilikuwa vikikua kwa kasi na moshi haukuwa na sheria. Nchi za Ulaya na Marekani zilipoanza kusafisha hewa yao, pazia hilo likapungua na joto la gesi likajitokeza.

Tathmini ya mwaka 2021 ya jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, IPCC, iliweka jambo hili katika tarakimu: gesijoto zote kwa pamoja, yaani hewa ya ukaa, methani, naitrasi oksaidi na nyinginezo, zingeweza kuwa zimepandisha joto kwa takriban nyuzijoto 1.5, na chembe hizo zimefuta kama nyuzijoto 0.4. Mchango wa jua na volkano kwa pamoja, tangu kipindi cha 1850 hadi 1900, umekadiriwa kuwa kati ya kushusha nyuzijoto 0.1 na kupandisha nyuzijoto 0.1, ambayo ni sawa na kusema uko karibu na sufuri.

Tofauti ya umri nayo isipuuzwe. Chembe za salfa huanguka na mvua ndani ya siku au wiki chache. Methani hudumu hewani kwa takriban miaka 12. Hewa ya ukaa hubaki na kujilimbikiza kwa karne nyingi.

#5 – Mchangiaji wa tatu

Nawasoma kwa makini, ila wote mnachukulia kwamba vipimo vya joto ni sahihi. Vituo vingi vilijengwa nje ya miji, kisha miji ikavifuata na kuvizunguka kwa lami na zege. Je, si kwamba tunapima joto la miji?

#6 – Mleta uzi

Joto la miji lipo na ni kero halisi kwa wanaoishi humo, kwa hiyo shaka yako ina mashiko. Richard Muller, mwanafizikia wa Berkeley, alikuwa na shaka hiyohiyo na akaanzisha mradi wa kuzihakiki upya rekodi zote za nchi kavu. Kundi lake lilipotenganisha vituo vya mashambani na vya mijini, ongezeko la joto lilibaki vilevile, na mwaka 2012 yeye mwenyewe alitangaza hadharani kwamba ongezeko ni la kweli na binadamu ndiye chanzo chake.

Lakini usitegemee vituo vya nchi kavu peke yake. Zaidi ya theluthi mbili za uso wa dunia ni bahari, na baharini hakuna lami. Takriban asilimia 90 ya joto la ziada lililonaswa limeingia majini. Kuna maboya karibu 4,000 ya mpango wa Argo yanayoelea katika bahari zote. Kila moja huzama hadi kina cha mita 2,000, hupanda likipima joto na chumvi njiani, hutuma vipimo kwa setilaiti likifika juu, kisha huzama tena. Vipimo vyake vinaonyesha joto likiongezeka na kushuka kwenda kina kirefu, kutoka juu kwenda chini, jinsi linavyopaswa kuwa kama limetoka angani.

Na kuna alama nyingine ambayo mtu hahitaji setilaiti kuielewa: katika sehemu nyingi za nchi kavu, tangu katikati ya karne iliyopita, usiku umepata joto kwa kasi kuliko mchana. Jua haliwaki usiku. Gesi inayozuia joto la ardhi lisitoke hufanya kazi saa zote.

#7 – Mchangiaji wa nne

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mwaka 2023 na 2024 joto liliruka ghafla. Gesi huongezeka polepole, haiwezi kuruka. Je, hapo hamkubali kwamba asili imeshika usukani?

#8 – Mleta uzi

Ninakubali kwamba asili ilishiriki, na ndiyo maana miaka hiyo inafaa kufundishia. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikadiria mwaka 2024 kuwa juu ya kipindi cha 1850 hadi 1900 kwa takriban nyuzijoto 1.55, ukiwa mwaka wa kwanza wa kalenda kupita nyuzijoto 1.5. El Niño ilianza katikati ya 2023, na tukio hilo hutandaza maji ya joto juu ya Pasifiki ya tropiki na kuiachia anga joto lililokuwa limefichwa chini. Mzunguko wa jua nao ulikuwa unakaribia kilele chake. Upande wa binadamu, tangu Januari 2020 meli za kimataifa zimelazimika kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5 badala ya 3.5, hivyo pazia alilolieleza mchangiaji wa pili likapungua juu ya bahari. Wanasayansi wanaendelea kubishana kuhusu mgawo wa kila kimoja, pamoja na nafasi ya mawingu ya chini, na ubishani huo ni wa haki.

Hata hivyo, El Niño haitengenezi joto jipya la kudumu. Hulihamisha kutoka majini kwenda hewani, na ndugu yake La Niña hufanya kinyume, kwa hiyo matukio hayo mawili huuyumbisha mstari juu na chini bila kueleza kwa nini mstari wenyewe unapanda. Njia ya kuliona hilo ni kulinganisha miaka isiyofanana. Mwaka 1998 ulibebwa na El Niño iliyokuwa miongoni mwa zenye nguvu kuliko zote za karne ya 20, na wakati ule ukawa mwaka wenye joto zaidi katika rekodi. Mwaka 2022 ulikuwa wa La Niña kuanzia mwanzo hadi mwisho, ambapo Pasifiki ilikuwa ikiivuta dunia kuelekea ubaridi, na bado ulikuwa na joto kuliko 1998.